Mama Sambamba Afuta Safu Yake

Kazi ya Mama Sambamba ilikuwa kusoma jambo lilelile mara nyingi. Asubuhi akifika ofisini alifungua makala moja ya kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo watu wa kila lugha huiandika wenyewe bila ujira. Kisha aliifungua makala hiyohiyo katika lugha nyingine, akazipanga zote kwenye kioo cha kompyuta kama nguo kwenye kamba, akaanza kutafuta wapi zinapatana na wapi zinagombana. Makala ya nyuki. Makala ya kifaduro. Makala ya daraja fulani, ambamo toleo moja linamsifu mhandisi kwa aya nne na toleo jingine linawakumbuka vibarua waliozama. Wasomaji wengi huamini kwamba wanachosoma ndicho dunia nzima inachosoma. Yeye alijua sivyo, na kulijua hilo ndiyo ilikuwa ajira yake.

Jina alilipata hapohapo ofisini, kwa sababu ya maneno aliyoyapenda: "Hebu tuweke sambamba." Aliyasema mbele ya makala, akayasema sokoni mbele ya mafungu mawili ya nyanya, na nyumbani watoto wake walipogombana aliwasimamisha ukutani akasema, "Wewe toa hadithi yako, na wewe toa yako, tuweke sambamba." Mumewe, fundi wa friji, alikuwa akilalamika kwa mzaha kwamba katika nyumba ile hata uongo mdogo wa kuchelewa kurudi hauwezekani.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu ghorofa ya pili ya taasisi ya utafiti. Kulikuwa na meza sita, birika la umeme lililofungwa kifuniko kwa mpira, na feni iliyolia kila ilipogeukia dirishani. Ukuta wa mbele ulikuwa na ubao mweupe, na juu ya ubao kulikuwa na safu zilizochorwa kwa rula, kila lugha na safu yake. Aliyekuwa mkuu wa utafiti walizoea kumwita Profesa tu, mtu mrefu ambaye hakuwahi kupaza sauti hata alipokanyagwa mguu. Hesabu zilikuwa za Bwana Asilimia, mtaalamu wa takwimu mwenye upara unaong'aa, ambaye ukimuuliza kama ameshiba atakujibu, "Kama asilimia themanini." Na meza ya pembeni ilikuwa ya Mzee wa Koti, msomaji wa toleo la lugha moja ya nchi za baridi. Alihamia huku akiwa kijana, akaoa huku, akapata wajukuu huku, lakini koti lake hakulivua hata siku feni ilipoharibika.

Swali lao lilikuwa moja: kosa likiingia katika makala, huishi muda gani kabla ya msomaji wa lugha ile kuliona na kulisahihisha? Walitafuta makosa yaliyokwisha kuwemo, wakayaandikisha, kisha wakangoja. Mengine waliyangoja wiki, mengine mwaka. Kwa kungoja huko waliweza kusema ni lugha ipi ina wasomaji macho na ni ipi imelala.

Mwanzoni Kiswahili hakikuwemo. Mpango ulikuwa na lugha tano, zote kubwa mtandaoni, na Profesa alisema waziwazi kwamba toleo la Kiswahili ni dogo mno, litawapotezea muda. Mama Sambamba hakununa wala hakuenda kulia chooni, kama wafanyavyo watu wazima wasiofundishwa kubishana. Kwa miezi mingi, kazi yake ya siku ikishaisha, alikaa akipanga makala za Kiswahili kando ya zile kubwa, akaonyesha kwamba penye ukurasa ulioandikwa na mtu, si ule uliomwagwa na programu ya kutafsiri, Kiswahili kilisimama wima. Alionyesha makala ya mhogo iliyojua kuuondoa uchungu kuliko matoleo mengine yote. Alionyesha makala ya ushonaji wa viatu, ambayo katika lugha nyingine ilikuwa mistari mitatu na picha.

"Umenichosha," Profesa alisema siku moja, akifunga jalada. "Chora safu ya sita."

Mama Sambamba akaichora mwenyewe, kwa rula. Bwana Asilimia alinong'ona kwamba sasa itabidi wamchunge, maana mwenye lugha ataibeba lugha yake. Mama Sambamba alimsikia, na jibu lake alilitoa kikaoni, mbele ya wote. Alitaka kanuni iandikwe kwenye makubaliano ya utafiti: mtafiti yeyote akigusa ukurasa unaochunguzwa, lugha yake yote itolewe, kwa sababu hakuna atakayejua amegusa nini kingine. Profesa alisema kanuni hiyo ni kali mno. Yeye akasema ndivyo anavyoitaka.

Kwa sababu ya kanuni hiyo ofisi ilijizoesha desturi ya ajabu. Wakati wa kusoma kurasa zinazochunguzwa, msomaji aliweka mikono mapajani, na jirani yake ndiye aliyesogeza ukurasa kwa kipanya. Mgeni aliyeingia ghafla angedhani wako kwenye ibada. Mkono wa msomaji mzoefu huwasha anapoona kosa, nao waliona makosa mchana kutwa.

Sasa mvua zilikuwa zimeanza. Asubuhi moja Mama Sambamba alikuwa akichagua kurasa mpya za afya, Bwana Asilimia akimsogezea kipanya huku akitafuna karanga. Wakafika kwenye makala ya kuharisha kwa watoto, mahali panapoelezwa jinsi ya kutengeneza nyumbani maji ya chumvi na sukari ya kumrudishia mtoto maji mwilini. Matoleo matano yalipatana: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Toleo la Kiswahili lilisema vijiko sita vya chumvi na nusu kijiko cha sukari.

"Rudi juu," alisema.

Bwana Asilimia akarudisha ukurasa juu.

"Shuka tena."

"Mama, hata tukipanda mara kumi, chumvi itabaki pale." Akaacha kutafuna. "Huyu mwandishi ametia chumvi kwelikweli."

Hakucheka, na Bwana Asilimia naye akaona aibu ya mzaha wake. Wakafungua ukurasa wa historia, ambako kila badiliko la makala huhifadhiwa. Mtu mmoja mwenye haraka alikuwa ameitafsiri makala ile miezi saba nyuma, akayageuza maneno mawili, akaenda zake. Chumvi ya kiasi kile haimrudishii mtoto maji. Humkausha, na mtoto mdogo anaweza kufa nayo.

Akachapa kurasa zote sita, akabisha hodi kwa Profesa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mama. Mbona umekuja na uso wa matanga?"

Akamwekea karatasi mezani, sambamba. Profesa akasoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani.

"Hili ni kosa baya."

"Ni sumu."

"Ni kosa baya na tumelipata. Liandikishe. Nitalipeleka kwa kamati ya maadili."

"Kamati inakaa lini?"

"Wiki mbili zijazo, akidi ikitimia."

"Na mtoto anayeharisha leo?"

"Usinifanye nionekane mtu asiye na watoto." Hakupaza sauti, ila maneno yalitoka taratibu zaidi. "Sisi si wahariri, ni watu wa kupima. Daktari anayepima homa hatii barafu kwenye kipimajoto."

"Akishapima, Profesa, hutibu."

Profesa akavaa tena miwani yake. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri lisemwe mapema, maana wasimulizi wengi hupenda kumvika pembe kila anayeshika kanuni. "Mama," alisema, "ukiivunja kanuni kwa sababu nzuri, atakayefuata ataivunja kwa sababu ya kubahatisha, na wa tatu hatatafuta sababu kabisa. Halafu kumbuka ni safu ya nani inayotoka. Si yangu. Ni yako. Uliipigania kama mtu anayepigania shamba la urithi."

"Nakumbuka."

"Basi ngoja kamati."

Akarudi mezani kwake. Kwenye ubao safu ya Kiswahili ilikuwa imejaa hadi chini, kazi ya mwaka na nusu, kila kisanduku kimeandikwa kwa mwandiko wake wa kulala upande. Akamgeukia Bwana Asilimia.

"Ukurasa ule husomwa na wangapi?"

Bwana Asilimia hakutaka kujibu. Alijifanya anatafuta karanga mfukoni.

"Baba, nimekuuliza."

"Kama mia mbili kwa siku." Akakohoa. "Wakati wa mvua hupanda. Wiki hii umekaribia mara mbili."

Nje, mtaro wa barabarani ulikuwa umefurika, na mwanamke mmoja alikuwa akivuka kwa kurukaruka juu ya matofali, mtoto mgongoni amefunikwa mfuko wa plastiki. Mama Sambamba alimtazama hadi alipofika ng'ambo.

Kuna watu hudhani wakishakuwa na sababu njema, hawadaiwi tena chochote. Huvunja agizo kwa ajili ya huruma, kisha hukasirika wakiulizwa. Mama Sambamba hakulelewa hivyo. Baba yake alikuwa mpiga chapa, na akikosea ukurasa aliutengeneza upya kisha akamfuata mwenye kazi kumweleza, hata kama mwenye kazi asingegundua maishani. Kwa hiyo binti yake aliamua mambo mawili kwa pamoja kabla hajanyanyua kidole: kwamba ataurekebisha ukurasa, na kwamba gharama yake ataibeba yeye, mchana kweupe, bila kuomba kupunguziwa.

Akatoa mikono mapajani. Angeweza kuandika bila jina, kama wafanyavyo wengi. Alijisajili kwa jina lake kamili, lile la kwenye cheti, akageuza maneno mawili, akahifadhi.

Hazikupita dakika nyingi ukurasa ukarudi ulivyokuwa.

Alidhani mashine imekosea. Akafungua ukurasa wa historia, akakuta mlinzi mmoja wa kujitolea, wale watu ambao hukaa popote walipo wakichunga kurasa zisiharibiwe, amelifuta badiliko lake na kumwachia ujumbe: "Ndugu, usicheze na vipimo vya dawa. Hapa si mahali pa mzaha. Ukirudia utafungiwa."

Alikasirika, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na furaha asiyoitarajia. Kumbe yupo mtu! Kumbe ukurasa wa Kiswahili haukuwa kichaka kisicho na mwenyewe. Akamwandikia: "Sichezi. Tafadhali fungua matoleo haya matano uyaweke sambamba na letu. Mwongozo wa kitabibu nao huu hapa, ukurasa wa kumi na mbili. Wewe angalia, halafu unifungie ukipenda."

Feni ikalia dirishani, ikarudi. Kisha mlinzi akajibu.

"Dada, samahani sana. Niliona namba zimegeuzwa nikajua ni wahuni wa likizo."

"Usiombe samahani. Mtu akigeuza namba za dawa, mshuku."

"Lakini basi mimi ndiye niliyekuwa nalinda kosa. Miezi yote hii!"

"Kuanzia leo unalinda lililo sahihi. Nirudishie maneno yangu."

"Nimeshayarudisha. Na ukurasa nimeufunga, hatagusa mtu bila kujulikana. Dada, wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ni msomaji."

Akanyanyuka, akabisha tena kwa Profesa.

"Nimeugusa," alisema, akiwa bado mlangoni.

Profesa alisema neno moja tu, "Haya," akageuzia kiti dirishani. Hakuna jibu ambalo lingemkata maini zaidi ya hilo.

Siku mbili ofisini hakukuwa na maongezi, hata birika lilisikika likichemka. Siku ya tatu Bwana Asilimia alivuta kiti chake karibu na meza ya Mama Sambamba, akiinama kama mtu anayeuza simu ya wizi.

"Mama, nimepiga hesabu."

"Lini hukupiga?"

"Nisikilize kwanza. Kosa lile la chumvi limeishi miezi saba. Makosa ya afya katika lugha nyingine huishi zaidi ya mwaka. Sasa, kwenye historia panaonekana nini? Mtumiaji mmoja wa Kiswahili amesahihisha, mwingine amebisha, wakajadiliana kwa ushahidi, wakaafikiana, wakafunga ukurasa. Mama, hiyo ni asilimia mia! Hakuna lugha iliyofanya hivyo. Tukiiacha kama ilivyo, katika mambo ya afya Kiswahili kinashika nafasi ya kwanza."

"Aliyesahihisha ni mimi."

"Na wewe si msomaji wa Kiswahili? Nani amesema uongo? Ubaoni nitaandika kilichomo kwenye historia, basi. Tunanyamaza tu."

"Profesa anajua unayoniambia?"

"Profesa amesema hajaamua. Kikao cha wafadhili ni kesho kutwa, wanakuja hapahapa kuona ubao." Akashusha sauti zaidi. "Kiswahili namba moja, mama. Si ndicho ulichokitaka?"

Ndicho alichokitaka, na hapo ndipo penye ugumu. Kama angeshawishiwa kwa kitu asichokipenda, angekataa huku anapiga miayo. Lakini alirudi nyumbani akiwa amebeba lile neno, namba moja, akapika nalo, akala nalo. Mumewe alimwona anakoroga sufuria tupu.

"Mama watoto, humo hamna kitu."

"Naona."

"Kuna nini?"

Akamweleza yote. Mumewe alikuwa amekaa na kompresa ya friji ya mteja mbele yake juu ya gazeti, bisibisi mkononi. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mimi sijui mambo ya kamusi," alisema. "Lakini nikiziba tundu la gesi kwa sabuni, friji itapoza wiki nzima na mteja atanisifu mtaa mzima. Nikimwona njiani sasa, nitapita upande gani?"

"Hukuwahi kuziba kwa sabuni."

"Ndiyo maana napita upande wowote." Akarudi kwenye kompresa yake. "Lakini wewe unajua hayo tangu zamani. Unaniuliza ili uyasikie."

Siku ya kikao wafadhili walikuwa watatu, na msemaji wao alikuwa mwenyekiti, mama mmoja wa makamo mwenye sauti nzito na viatu vya kutembelea. Hakukaa. Alisimama mbele ya ubao mikono nyuma, akapita safu moja hadi nyingine, akafika ya sita.

"Na hii?" aliuliza. "Lugha ndogo kuliko zote, halafu kwenye afya iko juu ya zote? Hii ndiyo habari yenyewe. Profesa, mmeipataje?"

Profesa alifungua mdomo. Bwana Asilimia alitazama dari. Mama Sambamba hakungoja kuona ni neno gani lingetoka, maana alimheshimu Profesa na hakutaka kumpa nafasi ya kusema neno baya. Akasimama.

"Samahani, mwenyekiti. Safu hiyo ni yangu, na haifai."

"Haifai vipi?"

Akaeleza. Hakujitetea wala hakujipaka matope. Alisema kosa lilikuwa lipi, amelikuta lini, ameambiwa nini, amefanya nini, na kanuni inasema nini juu ya mtu aliyefanya hivyo. Alisema pia kwamba kanuni hiyo aliidai yeye mwenyewe. Kisha akaenda ubaoni, akachukua kifutio, akaanza juu. Wino ulikuwa umekaa mwaka na nusu, haukutoka kirahisi. Ilimbidi asugue, kisanduku baada ya kisanduku, mhogo, viatu, daraja, nyuki, na chumba kizima kilimwangalia akisugua. Alipomaliza palibaki weupe wenye michirizi ya buluu, na mkono wa blauzi yake ulikuwa umechafuka hadi kiwikoni.

"Mngeweza kuninyamazia," mwenyekiti alisema polepole. "Nisingejua."

"Usingejua," alikubali. "Mimi ningejua. Na siku mtu mwingine angeweka karatasi zetu sambamba, naye angejua, na hapo tusingeaminiwa hata tukisema maji hulowesha."

Aliketi. Ndipo kiti cha pembeni kikakwaruza sakafu. Mzee wa Koti alikuwa amesimama, uso umemwiva.

"Na mimi nina ukurasa," alisema.

Wote wakageuka. Katika miaka yote hawakuwahi kumsikia akisema kikaoni bila kuulizwa.

"Uyoga," alisema. "Toleo la lugha yangu lina ukurasa wa uyoga wa msituni. Aina moja imeandikwa kwamba ikichemshwa mara mbili inalika. Si kweli. Inaua ini. Kwetu watu huenda msituni na wajukuu kuchuma. Nimeuangalia ukurasa ule tangu mwaka jana, mikono mapajani, nangoja mtu auone." Akamgeukia mkuu wake. "Profesa, wewe huna lawama, sikukuambia. Niliona ni utafiti, nikaona ndio ukubwa wenyewe, kuangalia bila kugusa. Tangu siku ile huyu dada alipoingia kwako silali vizuri."

"Kaka, kaa kwanza," Bwana Asilimia alisema kwa upole.

"Sikai. Nani anakuja kunishuhudia?"

Aliyekwenda kusimama nyuma yake alikuwa mwenyekiti mwenyewe. Mzee wa Koti alikunja mikono ya koti lake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akaandika kwa vidole viwili, akaweka ushahidi, akatia jina lake, akahifadhi. Kisha akaomba kifutio. Safu yake ilikuwa ya pili kwa ukubwa. Aliifuta yote, akarudi kukaa, akapenga kamasi kwenye kitambaa.

Mwenyekiti akautazama ubao uliopata mapengo. "Mmebakiwa na safu nne."

"Asilimia sitini na sita nukta saba," Bwana Asilimia alisema bila kukusudia, na chumba kizima kikaangua kicheko, hata Profesa, ambaye alicheka kimya huku mabega yakimtikisika.

Lakini Profesa alipoacha kucheka alikwenda mezani kwake, akaleta yale makubaliano ya utafiti yenye saini za wote. Akasema kwa sauti yake ileile ya chini kwamba amekosea, si katika kuishika kanuni, bali katika kuiacha kanuni isiyojua kutofautisha mwaka uliokosewa wa daraja na kipimo kinachoua. Akaandika pembeni kwa mkono: kosa linaloweza kudhuru mwili wa mtu lisahihishwe siku lilipoonekana, kwa jina la aliyeliona, lihesabiwe peke yake, lisifichwe. Akatia saini, akamsogezea Mama Sambamba kalamu.

"Na safu zilizotoka?" mwenyekiti aliuliza.

"Zimetoka," Mama Sambamba alisema, kabla ya mtu mwingine kuzihurumia. "Kanuni ya leo haiwezi kuziokoa kazi za jana. Tutaanza upya, mimi na kaka."

"Mtachelewa kuliko wenzenu. Ripoti ya kwanza itatoka bila Kiswahili."

"Itoke."

Mwenyekiti alimtazama kuanzia mkono uliochafuka hadi usoni. "Anzeni," alisema. "Tutawangoja."

Ripoti ilipotoka ilikuwa na lugha nne. Mahali pa maelezo, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba lugha mbili zimeondolewa kwa sababu watafiti wake walisahihisha makosa ya hatari kabla ya wakati. Wapo waliosoma mstari ule wakaona ni aibu ya taasisi. Watu wa namna hiyo wapo kila mahali, na hupanda vyeo.

Fundi wa friji aliuchapisha ukurasa ule wa ripoti akaubandika kibandani kwake, juu ya rafu ya mipira ya milango ya friji. Mteja akiuliza ni nini, humweleza kwa kirefu na kwa makosa. "Huyu hapa mke wangu. Aliwafuta wote ubaoni. Wafadhili walisimama!" Mkewe alimkataza kutia chumvi, naye akasema chumvi aitoe kwenye kamusi, hapa ni kibandani.

Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao tangu macho yalipoanza kumsumbua, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelezwa. Zamani alikuwa mhudumu wa zahanati na alizoea kuuliza mpaka aridhike. Jumamosi moja, wakichambua mchele barazani, aliweka ungo chini.

"Mkwe, hebu nieleze vizuri. Hicho kitabu cha kwenye simu, amekiandika nani?"

"Watu, mama. Kila mtu kidogo."

"Wasomi?"

"Wasomi, walimu, wanafunzi, wapita njia. Yeyote."

"Na kinasomwa?"

"Ukurasa ule, wakati wa mvua, na mamia kila siku."

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kukubali, taratibu. "Na wewe umo?"

Mama Sambamba akafikiri. Ubaoni safu yake mpya ilikuwa bado na visanduku vichache, na ingechukua muda kujaa. "Nimo," alisema. "Mstari mmoja."

"Nisomee."

Akafuta vumbi la mchele mikononi, akachukua simu, akaufungua ukurasa. Mama mkwe alijiweka sawa kitini, akavuta kanga mabegani, kama mtu anayesubiri kusomewa barua ya mwanawe.

"Lita moja ya maji safi," alisoma. "Vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa. Nusu kijiko cha chumvi."

"Ndivyo," mama mkwe alisema. "Ndivyo hasa. Rudia, na watoto waje wasikie."